Sauti ya Spika Iliyochanika

Ile spika ilichanika kabla sijajiunga na bendi, na kila mtu alikuwa na hadithi yake kuhusu aliyeichana. Wengine walisema panya. Wengine walisema ni mpiga besi wa zamani aliyeipiga teke siku alipoachwa na mchumba. Ninachojua mimi ni kwamba nilipopewa nafasi ya kupiga gita la solo, nilikabidhiwa pia ampilifaya kubwa nyeusi, imepauka pembeni, na ndani yake spika yenye ufa mrefu uliozibwa kwa kipande cha mfuko wa sukari na gundi ya viatu. Ukigusa nyuzi taratibu ilitoa sauti safi ya kawaida. Ukikaza mkono kidogo ilianza kukwaruza, na ule mkwaruzo ndio uliokuwa sauti yetu. Mtu aliyepita nje ya ukumbi pale Magomeni, hata kama hakuona bango, alijua ni bendi gani inapiga ndani.

Nilijivunia sauti ile kupita kiasi. Sikuitengeneza mimi wala sikuichana mimi, lakini nilitembea nayo mjini kama vile nimeizaa. Mtu akinisifia gita nilikuwa nainamisha kichwa kidogo, kwa unyenyekevu wa uongo, na kumwambia kwamba yote ni mkono tu.

Mwimbaji wetu ndiye aliyenivimbisha kichwa zaidi. Alikuwa mtu mzima kuliko sisi wote, Mzaramo wa hapohapo Magomeni, mtunzi wa karibu nyimbo zote tulizokuwa tukipiga. Alikuwa na mkao wake jukwaani ambao mji mzima uliujua: alisimama kando ya ampilifaya yangu, kiganja cha kushoto kimelala juu yake, maiki mkono wa kulia, macho kayafumba. Vijana waliuiga. Ulikuwa ukienda kwenye sherehe unamkuta mtu ameegemeza kiganja juu ya redio kaseti, kafumba macho, anajifanya yeye. Mimi niliamini anasimama pale kwa sababu ya mapenzi yake kwa gita langu. Mpiga rizimu aliwahi kulalamika kwamba mzee hasogei kamwe upande wake. Nikamwambia apige vizuri, naye atasimamiwa.

Vyombo havikuwa vyetu. Bendi ilikuwa mali ya shirika la umma, na kwenye karatasi za shirika sisi tulikuwa makarani, walinzi na wapaka rangi. Mimi nilikuwa msaidizi wa stoo ambaye hajawahi kuiona hiyo stoo. Halafu ikaja ile miaka ya ruksa. Kariakoo, ambako zamani ulikuwa unapanga foleni ya sabuni, ghafla ukawa unajikwaa kwenye maboksi ya televisheni, na mashirika yakaanza kuuzwa moja moja. Letu lilipopata mnunuzi, lori likaja kuchukua kila kilichokuwa chake, pamoja na ngoma, maiki na ampilifaya.

Mwimbaji alikuwepo siku hiyo. Alimwomba yule bwana aliyekuja na lori watuachie ile nyeusi tu, kwa vyovyote ni mbovu. Bwana akajibu kwamba iwe mbovu iwe nzima, ni mali ya kampuni. Mwimbaji akaiwekea kiganja mara ya mwisho, kisha wakaipakia. Mimi nilisimama pembeni nikimtazama, nikadhani anaiaga sauti yangu, nikamhurumia.

Tuliokotwa na tajiri mmoja wa mitumba. Alikuwa na ghala Kariakoo lililojaa mabelo ya nguo mpaka kwenye mabati, na alikuwa amekulia Magomeni akisikiliza nyimbo zetu kupitia ukuta wa ukumbi kwa kukosa kiingilio. Sasa alitaka kuwa na bendi. Alinichukua tukaenda kwenye duka la Mhindi mmoja karibu na soko, duka ambalo ubao wake bado uliandikwa vitambaa ingawa ndani vyombo vya umeme vilifika mpaka mlangoni. Alinunua ngoma, spika ndefu mpya, mashine ya kuchanganya sauti, na kisanduku cheusi cha chuma cha kuweka chini miguuni, chenye vitufe vya kukanyaga na namba nyekundu zinazowaka. Kisanduku alikichagua kwa sababu ya zile taa.

"Hii ndani yake iko ampilifaya zote za dunia, ndugu yangu," alisema mwenye duka, mzee mwenye miwani aliyechomeka kalamu mbili mfukoni. "Wewe chagua namba tu. Baba yangu aliuza kanga hapa, mimi nauza sauti."

Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kijapani. Kwa huruma mzee akatuongezea hedifoni bure, na hizo hedifoni ndizo zilizokuja kuniponza.

Sitaki kujifanya kwamba nilikipokea kisanduku kile kwa shingo upande. Nilikipenda papo hapo. Nilikibeba mwenyewe kifuani kutoka dukani mpaka ghalani, nikiwapigia kelele wabeba mizigo wanipishe, na njia nzima nilikuwa nawaza kwamba sauti iliyochanika imekwenda na lori na sasa nitapata sauti nzima.

Bendi za mji zilikuwa na desturi ya kupumzika mwezi wote wa Ramadhani na kurudi ukumbini sikukuu ya Idi zikiwa na nyimbo mpya. Dansi la mwisho kabla ya mfungo ndilo la vunja jungu, siku ambayo watu wanakula, wanakunywa na kucheza kwa ajili ya mwezi mzima. Tulipiga jioni ile na vyombo vipya. Kwa wimbo wetu uliopendwa zaidi nilikanyaga namba niliyoona ina mkwaruzo mkali kuliko zote, nikakaza mkono, na kwenye zile spika ndefu ikatoka sauti ya nyuki ndani ya kopo la maziwa. Watu waliokuwa wakisogea kucheza wakasita.

Lakini jambo baya zaidi lilikuwa mwimbaji. Aliingia kabla ya mahali pake, na akaingia kwa sauti ambayo haikuwa yangu wala ya besi. Alicheka, akaufanya utani, akaanza upya. Wimbo uliofuata akachelewa. Alikuwa amesimama palepale alipozoea, kando yangu, lakini hapakuwa na ampilifaya tena, kisanduku kilikuwa chini miguuni, na mkono wake wa kushoto ukawa unatafuta pa kulala. Mwishowe akauweka mfukoni. Mtu mmoja alipiga mluzi wa kejeli, na ulikuwa wa kwanza kuusikia katika miaka yangu yote na bendi ile.

Baada ya dansi tajiri aliniita pembeni kwa kuwa mimi ndiye niliyesimamia mazoezi.

"Mzee amechoka," alisema. "Mimi simfukuzi, nimekua na nyimbo zake. Lakini siku ya Idi akipotea tena namna hii, namweka dukani kwangu apumzike. Kuna dogo mmoja wa Ilala anaziimba nyimbo zake zote, neno kwa neno."

Kumweka yule mtu nyuma ya meza, auze mashati yaliyovaliwa na wengine, huku mtu mwingine akiimba maneno yake! Sikulala vizuri. Na kwa vile mimi siwezi kuficha jambo, kesho yake nikamwambia mwenyewe. Alinisikiliza, au nilidhani ananisikiliza, akinitazama usoni kwa makini.

"Basi tufanye mazoezi," akasema.

Wakati huo nilipanga chumba Magomeni kwenye nyumba ya Kiswahili isiyo na dari, ambayo kuta za vyumba huishia njiani na huko juu wote mnagawana hewa moja. Jirani akikohoa unampa pole bila kuinuka. Huwezi kupiga gita la umeme humo mwezi wa kawaida, seuze Ramadhani, wakati watu wamelala mchana na njaa zao. Kwa hiyo nilichomeka hedifoni, nikajifungia na kisanduku, nikaanza kutengeneza sauti.

Niliitengeneza kwa mapenzi. Nilijaza mkwaruzo mpaka kifungo kikagoma kuzunguka. Niliongeza besi mpaka fuvu likatikisika, nikaongeza trebo mpaka kila noti ikawa inang'aa, na zile sauti za katikati, ambazo peke yazo zilisikika kama mtu anayeongea na mafua, nilizichimba zote nikazitupa. Juu yake nikamwaga mwangwi. Ndani ya hedifoni nilikuwa napiga kwenye uwanja uliojaa watu. Nilifumba macho, nikatokwa na jasho, na mke wa jirani aliyechungulia mlangoni akaona mtu mzima kakaa kitandani anachapa nyuzi zisizotoa sauti huku uso umemkunjamana. Alimwambia mumewe kwamba mpangaji wa chumba cha pili amepatwa na mashetani.

Mazoezi tulifanyia ghalani Kariakoo, kati ya mabelo. Nje kulikuwa na mikokoteni na makelele ya soko, lakini ndani nguo zilimeza kila kitu, ukipiga kofi linafia mkononi. Nilikanyaga namba ya sauti yangu mpya kwa fahari, tukaanza, na gita likatoweka. Sisemi lilikuwa dogo. Lilitoweka. Chini besi ililifunika, juu matoazi yalilifunika, na katikati, ambako lingekaa, nilikuwa nimechimba shimo kwa mikono yangu. Mwimbaji akaingia mahali pasipo pake, akasimama, akaingia tena, akapotea tena.

Mimi nina kisirani, na siku ile kilinipanda mpaka kwenye masikio.

"Unasusa!" nikamwambia mbele ya wote. "Tangu kisanduku hiki kije unasusa. Unaniharibia makusudi."

Aliutazama mdomo wangu mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Sawa, mdogo wangu," akachukua kofia yake juu ya belo akatoka.

Siku chache baadaye mkewe alinitumia salamu kwamba shemeji nimepotea sana, niende nikafuturu nao. Nikajua naitwa kupatanishwa. Mimi ni Mkristo, nimezaliwa kusini, Masasi huko, na mwimbaji hakuacha kunitania kwamba nililelewa kwa korosho badala ya maziwa. Lakini kila Ramadhani nilikuwa nafuturu nyumbani kwake mara kwa mara, na kwa adabu nilikuwa nasubiri adhana kama wao.

Tulikaa wawili barazani juu ya mkeka. Shemeji alikuwa ndani anamalizia uji. Mbele yetu palikuwa na tende kwenye kisahani, magimbi, tambi, na bakuli la kaimati zilizotoka jikoni wakati uleule, bado zinatoa mvuke. Hatukuwa tumezungumza lolote la maana. Alishika tende yake moja kati ya vidole, tayari, na kunitazama. Mimi nilikuwa nawaza kisanduku. Nilikuwa nawaza lile shimo la katikati na matoazi, na nina hakika ubongo wangu haukuwa na habari kabisa na kile mkono wangu ulichokuwa unafanya. Mkono ulikwenda kwenye bakuli, ukachukua kaimati, ukaitia mdomoni.

Yeye akaitia tende mdomoni palepale, akaanza kutafuna.

Shemeji akatokea mlangoni na jagi la uji. "Jamani! Bado hawajaadhini!"

Mimi nilibaki na shavu limejaa. Mwimbaji alimtazama mkewe mdomoni, akanitazama mimi, kisha taratibu akatema tende kwenye kiganja. Tukakaa hivyo. Punde adhana ikapigwa kutoka msikiti wa mwisho wa mtaa, ambao pembe zake za kipaza sauti zilielekezwa upande wetu na ambazo zilinitoa kitandani kila alfajiri. Mimi na shemeji tuligeuza vichwa. Yeye hakugeuka. Alikaa na tende yake kiganjani, anatutazama sisi kwa zamu, mpaka mkewe alipomgusa goti na kumpa maji.

Nikaisogeza kaimati upande mmoja wa shavu.

"Hujaisikia?" nikamuuliza.

"Huwa naiona," akasema. "Ndani ya nyumba namtazama mama huyu. Hapa nje nakutazama wewe, kwa sababu wewe miaka yote unasubiri. Leo umenifunguza mchana kweupe, mla korosho. Siku hii nitailipa, na ningeweza ningekulipisha wewe."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikameza ile kaimati kwanza.

"Tangu lini?"

"Imekwenda polepole. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia. Ndege, filimbi ya trafiki, mama huyu akininong'oneza."

"Sijawahi kukunong'oneza mimi," alisema shemeji kutoka mlangoni, akijifuta macho kwa pembe ya kanga.

"Na gita langu?" nikauliza. Bado nilikuwa nalifikiria gita langu, sifichi.

"Lako lilikuwa linakwaruza. Ule mkwaruzo ulikuwa unaniingia hapa." Akakigusa kiganja cha kushoto, halafu mfupa wa taya. "Nikiweka mkono juu ya ile ampilifaya najua wimbo umefika wapi, najua niingie na sauti gani. Sasa umeniletea kitu kiko sakafuni, sikisikii, na pa kushika hakina."

"Kwa hiyo miaka yote ile ulikuwa unasimama pale ili usikie tu?"

"Wewe ulidhani nini?"

Sikumwambia nilichodhani. Nilichukua kaimati nyingine, safari hii kihalali. Mambo yote niliyokuwa nimemwambia mpiga rizimu yalinirudia moja baada ya jingine, na masikio yakapata moto.

Aliniomba nisimwambie tajiri, wala wenzetu. "Wakijua wataanza kunionea huruma," alisema, "na mwimbaji akishaonewa huruma, imekwisha." Nikamwahidi. Kisha nikamwambia kwamba kisanduku kile kina ampilifaya zote za dunia ndani yake, Mhindi kasema, kwa hiyo hata ile yetu lazima imo, na yeye ndiye atakayenionyesha ilipo.

Tulikuwa tunakutana ghalani mchana, saa ambazo wapakuzi wamekwenda kujinyoosha. Yeye alikaa juu ya belo, kafunga, midomo imekauka, macho kayafumba. Mimi nilichomeka kisanduku kwenye spika moja fupi, ile ya kulaza chini jukwaani ili mpigaji ajisikie, nikaiegemeza karibu na miguu yake. Mpiga ngoma, ambaye nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili, alikuja kutupigia. Nilimwambia natafuta sauti ya gita na mzee ananisaidia maoni, na huo haukuwa uongo. Tulikubaliana kwamba mwimbaji akilipata gita atanyoosha kidole.

Nilianza na trebo, kwa kuwa alisema sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka. Nikaipunguza, nyuki wakatoka. Kidole hakikunyooka. Nikauzima mwangwi, nikahisi nimevuliwa shati. Halafu nikaugusa mkwaruzo wenyewe, na hapa niliumia, kwa sababu nilikuwa naamini kwamba anachohitaji ni mkwaruzo mwingi zaidi. Kumbe ukizidi, noti zinashikana zinakuwa uji mmoja, hujui ipi imeanza wapi. Niliupunguza mpaka nyuzi zikiguswa taratibu zinasema wazi, na nikikaza mkono ndipo zinakwaruza. Kidole kilitikisika kidogo juu ya goti.

Ilibaki ile sauti ya katikati, mafua yangu niliyoyatupa. Nilianza kuyarudisha. Kila nilipozungusha kifungo, gita lilizidi kuwa baya masikioni mwangu: likawa mtu wa pua, likawa mtu anayeongelea ndani ya sufuria. Mpiga ngoma alikunja uso. Nikaendelea kuzungusha, ngoma zinapigwa, matoazi yanalia, na kwa mara ya kwanza tangu kisanduku kije nikajisikia nipo ndani ya wimbo. Niliinua macho. Mwimbaji alikuwa amenyoosha kidole juu kabisa, na kiganja chake kingine kimelala juu ya ile spika fupi. Akaimba ubeti mzima palepale juu ya belo, bila maiki, na hakukosea hata mahali pamoja. Mpiga ngoma hakujua kwa nini nilikuwa napangusa uso.

Wengine walipokuja mazoezini hawakuipenda. "Gita lina mafua," alisema mpiga besi. Mpiga rizimu alishangilia wazi kabisa. Mimi nikawajibu kwamba ndivyo ninavyotaka, na asiyetaka aniletee sikio jingine. Wenzangu Waislamu walikuwa wanajinyima chakula na maji. Mimi, kusema mbele ya watu kwamba ile sauti mbaya nimeichagua kwa hiari yangu, nahesabu kwamba nami nilifunga mwezi ule.

Siku ya Idi, ukumbi wa Magomeni ulijaa tangu alasiri. Watu walikuwa na nguo mpya, akina dada na hina zao, na kila aliyepita karibu alinukia pilau. Tajiri alikaa meza ya mbele na wageni wake wa Kariakoo. Yule dogo wa Ilala alikuwepo pia, kavaa suti, kakaa kwa heshima ukutani, na sikuweza kumchukia ingawa nilijaribu.

Kabla ya kuanza nilimwita fundi mitambo nikamwambia aiweke ile spika fupi mbele kabisa ya jukwaa, katikati, imwelekee mwimbaji, na ndani yake aingize gita langu.

"Na sauti yake mwenyewe je?" akauliza. "Wenzako wote wanataka kujisikia wenyewe."

"Weka gita tu. Na usilipunguze."

Alitazamana na mpiga rizimu, wakacheka. Walijua ninavyojipenda. Waliona nimefikia hatua ya kumlazimisha hata mwimbaji asikilize gita langu na si kingine. Sifa yangu mbaya ilinifaa jioni ile, kwa maana hakuna aliyeuliza swali la pili.

Tukaanza na ule wimbo uliopendwa. Nilikanyaga kitufe, nikagusa nyuzi taratibu, kisha nikakaza mkono. Na ndani ya ukumbi ule uliojaa miili ya watu, pamoja na ngoma na besi na vishindo vya miguu, mafua yakapotea. Ikatoka ile sauti yenyewe, ya mfuko wa sukari na gundi ya viatu. Karibu na mlango mtu akapiga kelele, "Limerudi!" Watu wakainuka. Nilimwona tajiri akimwonyesha mgeni wake zile taa nyekundu miguuni kwangu, kwa fahari ya mnunuzi.

Mwimbaji alikuwa amesimama kando yangu kama kawaida yake. Zilibaki noti chache za utangulizi. Nikamtazama. Yeye alikuwa anaitazama ile spika fupi kule mbele. Kisha akaondoka. Akatembea mpaka ukingoni mwa jukwaa, akasimama mbele yake, na noti yangu ya mwisho ilipokwisha akafungua mdomo akaingia mahali pake, kwa sauti yake, pasi na kutafuta.

Ukumbi ulipiga yowe. Katika miaka yote sikuwahi kumwona kutoka nyuma. Niliujua uso wake wa upande, shavu na sikio moja. Sasa niliuona mgongo, shati la Idi limeanza kulowa, mvi za kisogoni, mkono wa kushoto uko huru unaongea na watu. Alikuwa anawaimbia karibu, anawachokoza wale wa mbele, anainama kuwaitikia. Dogo wa Ilala alikuwa amesimama anapiga makofi. Nilifurahi, na sitadanganya, niliona na wivu pia. Nilikuwa nimetengeneza kwa mikono yangu kitu kilichomwondoa ubavuni pangu, na pale kando yangu palikuwa peupe.

Tukafika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo ambapo gita linachukua usukani na hakuna anayebaki kwenye kiti. Hapo mwimbaji hana la kuimba. Hana pa kuingia, hana anachohitaji kusikia, anaweza kwenda kunywa maji. Nilikuwa nimeinama juu ya nyuzi, nakaza mkono, nilipohisi uzito begani. Nikageuka. Alikuwa amerudi palepale pake pa siku zote, maiki imeshuka, macho kayafumba, na kiganja cha kushoto kimelala juu ya bega langu.

Nilidhani kuna kitu kimeharibika. Nikasubiri mpaka akafumbua macho, nikageuza uso wangu wote kwake ili aone mdomo.

"Vipi, kule husikii?"

"Nasikia vizuri kabisa," akasema, wala hakuuondoa mkono. "Wewe piga."